Nguzo ya Mi Jalon

Nai Balai alikuwa kaka wa bibi yangu mzaa mama, na nguzo nitakayoitaja hapa ipo mpaka leo. Ukija kwetu Kwan Prang nitakuonyesha. Utaitazama utakavyo, utaigusa ukitaka, ila usiiegemee.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote za kambi ya Wajapani huko Burma, wakati wa vita. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, ukungu umelala juu ya kijito, na Nai Balai amesimama juu ya gogo, mpini wa juu wa msumeno mikononi. Chini shimoni alikuwa mwenzake Karuppan, ameshika mpini wa chini, unga wa mbao ukimmwagikia machoni. Ndiyo kazi ya kupasua mbao ilivyo: wa juu anaelekeza, wa chini anavuta na kula vumbi. Kwa haki walitakiwa kupokezana, lakini miguu ya Karuppan ilikuwa imeliwa na vidonda na asingeweza kusimama kwenye gogo linaloteleza. Kwa hiyo alibaki shimoni, akilipiza kwa mdomo.

"Kaka, umelala huko juu? Naona kama navuta msumeno na maiti."

"Maiti huyu anakushinda nguvu, mdogo wangu. Vuta."

Walielewana kwa lugha ya kuokoteza, maneno ya huku na ya kule, mengine wakimalizia kwa mikono. Karuppan alikuwa Mtamil, mgema wa mpira kutoka Malaya. Wajapani walitangaza sinema ya bure shambani kwao. Watu walipojaa ukumbini milango ikafungwa, na ilipofunguliwa mbele yao kulikuwa na malori. Nai Balai yeye alikamatwa sokoni Thanbyuzayat, mfuko wa chumvi mkononi. Wote wawili walikuwa wafungwa bila kesi, pamoja na mateka wa Kizungu waliobaki mifupa na kofia, wakijenga reli ya kupeleka askari na mizinga vitani. Vita havikuwa vya kwao. Makaburi ndiyo yaliyokuwa ya kwao.

Kitu kimoja kilimshikilia Nai Balai asiende na maji. Alijua mkewe, Mi Jalon, yuko nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kula kijiko cha wali wao uliovunda, alimfikiria akipanda ngazi na ufagio, akifagia sakafu ya mianzi kuanzia ndani kuja nje, kisha akiugonga ufagio mara mbili kwenye kizingiti kuukung'uta vumbi. Gonga, gonga. Akishaisikia sauti hiyo kichwani, ndipo huinuka.

Asubuhi hiyo mkokoteni wa ng'ombe uliingia kambini na mbao. Miti ya karibu ilikuwa imekwisha na daraja la kijito lilikuwa limechelewa, hivyo askari walikuwa wameanza kubomoa nyumba za vijijini na kuchukua nguzo zake. Nai Balai alitupa jicho bila kutaka kuona. Akaona nguzo nyeusi kwa moshi wa jiko, ina alama za manjano zilizopakwa na mikono ya babu zake, na kwenye shingo yake kigingi cha kutundikia kapu.

Msumeno ukasimama.

"Kaka, vipi?" aliuliza Karuppan kutoka shimoni.

"Nyumba yangu imekuja."

Kwetu sisi Wamon wa Burma kila ukoo una mzimu wa nyumba. Unakaa kwenye nguzo ya pembe ya kusini mashariki, nguo zake nyekundu na pete yake vikiwa kapuni, na mwanamume mkubwa wa ukoo ndiye mlinzi wake; siku hizo alikuwa Nai Balai. Watu wa damu hauwadhuru. Mke anayeolewa hutambulishwa kwake siku ya harusi, na tangu hapo ni wa kwake. Lakini mgeni haegemei nguzo ile. Mwanasesere haingii katika nyumba ile, hata awe wa mtoto. Na nguzo haihamishwi mpaka mlinzi auombe mzimu radhi na kuubeba mwenyewe, kwa maneno machache anayoyajua yeye. Asiposema maneno hayo, mzimu hauhami. Unabaki ndani ya mti, popote mti utakapopelekwa.

Nai Balai alimfuata mwenye mkokoteni, mzee wa Kiburma aliyelazimishwa kama wengine, akamuuliza mwanamke wa nyumba hii yuko wapi. Yule mzee alimtazama ng'ombe wake. Alisema yeye anabeba mbao tu. Nguo nyekundu ya kapuni ilikuwa imefungwa kwenye mpini wa shoka la askari, ameitumia kufutia jasho.

Wakati huo akaja Sajini Morita, msimamizi wa daraja. Hakuwa mtu wa kelele. Alipiga watu taratibu, kwa fimbo ya mwanzi, kama anayekung'uta mkeka. Mkandani kwake alining'inia mwanasesere wa kitambaa aliyeshonewa na mdogo wake wa kike kabla hajaondoka kwao, na kila alipomaliza kupiga mtu alimpapasa yule mwanasesere kichwani kwa kidole gumba. Aliitazama nguzo ya Nai Balai, akaigonga, akaipenda. Akaamuru isimikwe katikati ya daraja, mahali penye uzito mkubwa.

Maneno yale machache yalikuwa tayari mdomoni mwa Nai Balai. Angeyanong'ona tu, mzimu ungetulia, na daraja lingekuwa daraja.

Akafumba mdomo.

Aliichonga nguzo ile mwenyewe kwa tezo. Aliisimika mwenyewe, akaishika wima wakati bolti zinapitishwa. Moyoni alikuwa na hasira aliyokuwa hajaisikia tangu akamatwe, na hasira ile ilimfanya ajisikie mtu tena. Walitaka nguzo? Basi wachukue, na vilivyomo.

"Usiiegemee," alimwambia Karuppan.

"Mbona nitaegemea tu. Miguu yangu hii?"

"Egemea nyingine. Egemea hata mimi."

Kilichoanza kilikuwa kidogo. Askari wa zamu walivuka daraja kukagua, na walipofika ng'ambo walikuta wako pekupeku. Hawakukumbuka kuvua. Buti zao zilikuwa zimepangwa sawasawa kwenye taruma la kwanza, gogo la kulalia reli, kama viatu chini ya ngazi ya mtu. Ncha zake zilitazama nje.

Kisha ikaja harufu. Saa za mchana, mvua ikinyesha, kambi nzima ikinuka tope na kipindupindu, pale katikati ya daraja palinukia vitunguu vinavyokaangwa na manjano. Mateka wa Kizungu waligeuza vichwa wote pamoja. Mmoja wao alilia.

Kisha fagio.

Lilisikika adhuhuri, watu wakiwa wamekaa kimya na bakuli zao. Fagia. Fagia. Kutoka ndani kuja nje. Halafu gonga, gonga. Nai Balai alijiambia ni mianzi inasuguana. Alijiambia hivyo kwa nguvu sana, na hakumtazama Karuppan usoni.

Askari mmoja aliegemea nguzo ile ili awashe sigara. Jioni yake alikuwa akitetemeka ndani ya mablanketi, katika joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa tu. Alisema kuna nyumba pale chini ya reli. Alisema kuna mwanamke ndani, na mwanamke huyo hataki yeye akae. Walimwondoa kambini kwa gari, na tangu siku ile walinzi hawakula tena karibu na daraja. Walikaa mbali ukingoni, migongo wameigeuza.

Sajini Morita hakuamini upuuzi. Alitangaza kwamba treni ya kwanza italijaribu daraja keshokutwa, ikiwa na mabehewa ya mawe, na juu ya mawe watakaa wafungwa waliolijenga. Kama wamehujumu kitu, alisema, watakuwa wa kwanza kujua. Akampapasa mwanasesere wake.

Hapo ndipo Nai Balai alipokosa usingizi na utulivu. Yeye mzimu usingemgusa, ni damu yake. Lakini Karuppan? Na wale wengine wote? Kwa mzimu wa Kwan Prang, Mtamil na Mzungu na Sajini walikuwa kitu kimoja: wageni. Angeweza kuutuliza. Angesema maneno yale na Karuppan angepona, na treni ingepita, na nyingine nyuma yake, zimejaa mizinga, juu ya mti wa babu zake.

Siku iliyofuata kobe alitoka kijitoni akaja kusimama miguuni pake.

Ukoo wetu una sharti kuhusu kobe pia. Ukikutana naye, ama unasema "ananuka" na kumpita, au unampeleka nyumbani, unampika kwa ajili ya mzimu, unauwekea kichwa na miguu mbele ya nguzo, na kinachobaki kinaliwa na watu wa nyumba. Anayekula chakula kile ameketi mezani pa mzimu. Nai Balai alimtazama kobe muda mrefu. Mdomo wake haukusema ananuka.

Walimpika chini ya daraja, walinzi wakiwa mbali, wamewapa migongo. Nai Balai aliweka kichwa na miguu kwenye kitako cha nguzo, kisha akapitisha mchuzi kwenye vifuu vya nazi. Wote waliotakiwa kupanda treni walikunywa. Mateka wa Kizungu walikunywa macho yamefumbwa, mmoja akauliza kama kuna chumvi, wenzake wakamtazama kama kichaa. Kifuu kikamfikia Karuppan. Akakirudisha.

"Kaka, huu ni mwezi wetu wa kuacha nyama. Ni nadhiri niliyomwekea mke wangu akikata roho. Sitaivunja kwa ajili ya hawa."

"Utakufa kesho."

"Wamenichukulia shamba, wamenichukulia miguu. Nadhiri hii ndiyo kitu changu kilichobaki. Nitakufa nayo."

Nai Balai alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumkumbatia. Alikaa akiuma mdomo, kisha akacheka peke yake.

"Ipo njia nyingine," alinong'ona. "Haina nyama. Ni wali mkavu, tambuu na maji ya kulowesha nywele."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ni njia ya bibi harusi."

Karuppan alimtazama. Akashika masharubu yake, yaliyokuwa makubwa kuliko uso uliobaki nyuma yake.

"Na haya utamwambia nini mama mkwe?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, watu wawili waliokuwa hawajacheka tangu masika yaanze. Wengine walidhani wameingiwa na homa. Nai Balai akamlowesha nywele. Akampa punje za wali na kipande cha tambuu alichokuwa amekificha kwenye pindo la kikoi, akamketisha mbele ya nguzo.

Katika desturi hiyo mwanamke mkubwa wa nyumba hukaa nyuma ya nguzo na kuuliza, nani amekuja? Upande wa bwana harusi hujibu, wa nyumbani. Pale hapakuwa na mwanamke. Nai Balai alikusudia kuuliza mwenyewe na kujibu mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Nani amekuja?"

Hakuwa yeye.

Ilitoka ndani ya mti. Sauti ya chini, ya mtu aliyeinama anafanya kazi. Karuppan aliacha kucheka na tambuu ikamtoka mdomoni.

Nai Balai aliweka kiganja kwenye nguzo. Ilikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu aliyelala kando yako. Alisikia harufu ya liwa, ile aliyopaka Mi Jalon mashavuni kila baada ya kuoga. Akajua kwa nini mwenye mkokoteni alimtazama ng'ombe.

"Ulikataa kuiachia," alisema kwa kunong'ona. "Walikuja kuing'oa, ukaikumbatia, ukakataa."

Juu yao, kwenye mataruma matupu, fagio liligonga mara mbili.

Alilia. Alilia kwa dakika ambazo hakuzihesabu, paji la uso kwenye mti. Alipoinua uso machozi yalikuwa yamekauka na kilichobaki usoni pake Karuppan hakukipenda.

"Kaka," alisema Karuppan taratibu, "ukimtuliza sitakulaumu."

"Unataka nimtulize?"

Karuppan alitazama mashimo ya makaburi ng'ambo ya kijito.

"Hapana," alisema.

Nai Balai akaigeukia nguzo, akajibu kwa sauti ya kawaida, kama anayeingia kwake. "Wa nyumbani. Huyu, na hawa wote waliokula."

Siku ya treni ilikuwa na jua. Wafungwa walipandishwa juu ya mawe. Nai Balai na Karuppan walikaa behewa la mwanzo, magoti yakigusana. Askari walisimama kwenye kichwa cha treni na kandokando yake, na mbele kabisa, kwenye ngazi ya chuma, alisimama Sajini Morita, mwanasesere akicheza mkandani. Filimbi ikalia. Treni ikaingia darajani polepole.

Ilifika katikati.

Ikasimama.

Hakuna aliyevuta breki. Moshi ulinyooka juu. Ndege walinyamaza, kijito kikanyamaza, na Nai Balai hakuwahi kueleza maji yananyamazaje. Harufu ya vitunguu ikapanda.

Fagia. Fagia.

Askari wa kwanza alishuka. Akainama, akafungua kamba, akavua buti. Akazipanga kwenye taruma. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu. Dereva naye, mikono ikiwa bado nyeusi kwa makaa. Mmoja baada ya mwingine waliinamisha vichwa, kama watu wanaopita mlango mfupi, wakapiga hatua kando ya reli. Chini kulikuwa na mawe na maji ya magotini. Hakuna kilichosikika kuanguka.

Sajini Morita alishindana. Alishika chuma kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukamsaliti, ukaanza kufungua kamba za buti zake bila ruhusa yake. Alimtazama Nai Balai. Kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu. Mdomo wake ulifunguka.

"Nani amekuja?" iliuliza sauti.

Kila mfungwa aliisikia. Mtu mmoja tu katika dunia nzima angeweza kumjibia Sajini, na mtu huyo alikuwa amekaa juu ya mawe, magoti yakigusa ya Mtamil.

Nai Balai akafumba mdomo.

Sajini aliinamisha kichwa akaingia. Mwanasesere hakuingia naye. Alibaki ameketi kwenye taruma, uso ametazama nje.

Wafungwa walishuka wakarudi kwa miguu juu ya mataruma, wenye nguvu wakiwabeba wasioweza, Nai Balai akiwa na Karuppan mgongoni. Walinzi wa ukingoni walikuwa wameshatupa bunduki na kukimbia. Mtu wa mwisho alipokanyaga udongo, daraja lilikaa chini katikati yake, taratibu, na kichwa cha treni kikaenda nalo. Hakuna aliyeshangilia. Waliingia msituni, na wengi wao walifika walikokuwa wakienda.

Nai Balai alifika Kwan Prang na Karuppan bado mgongoni, akimsimanga kwamba hata bibi harusi mwingine asingebebwa vibaya hivyo. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Isipokuwa shimo la kusini mashariki. Ndani yake nguzo ilikuwa imesimama wima, nyeusi kwa moshi, bolti za daraja zikiwa bado zimepita mwilini mwake. Mbele yake palikuwa na buti, zimepangwa sawasawa, kavu kabisa. Uwanja mzima ulikuwa umefagiwa.

Alimjengea Mi Jalon nyumba upya kuizunguka nguzo ile, na Karuppan akapasua mbao zake. Safari hii alikaa juu ya gogo, akiwa ameketi, na Nai Balai shimoni. Mwili wa Mi Jalon hawakuupata. Reli yenyewe ilikuja kung'olewa vita vilipokwisha, ikauzwa chuma chakavu.

Bolti zipo. Zina kutu pande zote, ila tundu la bolti moja hutoa maji ya uvuguvugu siku za jua, na sijui kwa nini. Wageni tunawaambia waache viatu chini ya ngazi. Usiku hulala salama, hatuna neno nao, lakini asubuhi hukuta viatu vimegeuzwa, ncha zikitazama barabarani, na wenye akili huaga kabla ya chai.

Vya wajukuu wa Karuppan havijawahi kugeuzwa.